1937: Kolwezi ilipojengwa, wakulima wa Hosono walifungua milango

Bandugu wasomi, leo nawapeleka mbali, kwenye theluji ya Japani. Mtu atauliza: hiyo inatuhusu nini siye batu ba Mutoshi? Mnivumilie kidogo, njia inarudi huku kwetu.

Mwaka 1937 Union Minière ilianza kuujenga mji wa Kolwezi uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Hapa kwetu palikuwa pamekwisha kujulikana zamani. Paliitwa Ruwe, na watu wa Tanganyika Concessions walikuwa wakitafuta dhahabu ya Ruwe hata kabla Union Minière yenyewe haijaundwa mwaka 1906. Sasa, mwaka uleule wa 1937, katika kijiji cha milimani kinachoitwa Hosono, mkoa wa Nagano, wakulima Wajapani walipata ruhusa ya polisi ya kulaza wageni kwa malipo ndani ya nyumba zao za kuishi. Hosono leo inaitwa Happo, ipo ndani ya Hakuba, na inahesabiwa kuwa ndipo zilipozaliwa nyumba za wageni zinazoitwa minshuku. Min ni watu wa kawaida, shuku ni malazi. Nyumba ya watu wa kawaida ya kulaza wageni, basi.

Hosono na Kolwezi hazikujuana, lakini zilikuwa zimepigwa na fimbo moja. Uchumi wa dunia ulipoanguka kuanzia mwaka 1929, bei ya shaba ilishuka na maelfu ya wafanyakazi wa Union Minière wakarudishwa vijijini. Nagano nayo iliishi kwa hariri. Wakulima walifuga viwavi, na sehemu kubwa ya uzi iliuzwa Marekani. Marekani ilipoacha kununua, nyumba nyingi za wakulima zilibaki na madeni. Baada ya hapo njia zikaachana. Kwetu aliyejipanga upya ni kampuni. Kule waliojipanga ni wenye nyumba.

Walikuwa na nini mkononi? Theluji tu. Upepo wa baridi unatoka Siberia, unavuka bahari, unabeba unyevu, ukigonga milima unamwaga theluji inayorundikana mita na mita. Shamba linafunikwa miezi mingi. Zamani wanaume wa vijiji vile walikwenda mijini kutafuta vibarua wakati wa baridi, wanawake na wazee wakabaki kusukuma theluji juu ya paa isije ikavunja nyumba. Theluji ilikuwa adui.

Tarehe 12 Januari 1911 ofisa wa jeshi la Austria na Hungaria, Theodor von Lerch, alianza kuwafundisha askari wa Kijapani mchezo wa skii huko Takada, ng'ambo ya milima hiyohiyo: unafunga mbao ndefu miguuni, unateremka mlima kwa kuteleza. Kutoka kwa askari mchezo ukafika kwa wanafunzi wa vyuo. Wanaume wa Hosono walikuwa tayari wakiwaongoza wapanda milima kwenda kilele cha Shirouma wakati wa kiangazi, na wageni wale walilala nyumbani kwa waongozaji. Sasa wanafunzi wakaanza kuja na wakati wa baridi. Hakuna aliyejenga hoteli. Walisogeza tu vitu pembeni, wakafungua chumba.

Kulala minshuku kukoje? Unavua viatu mlangoni. Chumba hakina kitanda. Sakafu ni mikeka minene ya majani inayoitwa tatami, na godoro linakunjwa asubuhi, usiku linatandikwa, kwa hiyo chumba kimoja kinakuwa sebule mchana na chumba cha kulala usiku. Malipo mara nyingi yanahesabu usiku mmoja na milo miwili. Chakula kina saa yake: ukichelewa, mama mwenye nyumba hakufokei, lakini utajisikia vibaya mwenyewe. Wali, supu ya miso, mboga za chumvi zilizohifadhiwa tangu mavuno. Kuna kimeza kifupi chenye moto chini yake na blanketi kuzunguka, mnaingiza miguu wote, mgeni na watoto wa nyumba. Bafu ni la zamu: unajisugua na kujisafisha kabisa nje ya beseni, halafu ndipo unaingia kwenye maji ya moto, sababu maji hayo wataingia na wenzako. Na kuna chumba cha kukaushia mbao, viatu na nguo zilizolowa. Bila hicho chumba nyumba ya skii haina kazi.

Wanafunzi wasio na pesa walipata njia yao. Mpaka miaka ya karibuni kijana aliweza kukaa msimu mzima kwenye nyumba hizo akifua mashuka, akisukuma theluji, akibeba sahani, na malipo yake ni kula, kulala na nafasi ya kuteleza mchana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kumbe Wajapani nao wanaijua, tofauti ni kwamba walimpa sepetu la theluji.

Sasa turudi Kolwezi ya miaka ileile. Nyumba ya kampi ilikuwa nyumba ya kampuni. Mgeni mkubwa kutoka Bruxelles au Elisabethville alilala kwenye nyumba ya wageni ya kampuni. Lakini ndugu yako akitoka kijijini kuja kukutembelea, alipaswa kujulikana kwa mkubwa wa kampi, yule bazee waliyemwita Changa-Changa, na siku zake zilihesabiwa. Posho ilipimwa kwa vichwa vya familia iliyoandikwa, na mgeni hakuandikwa. Ukiacha kazi, unaacha na nyumba. Bazee walisema kazi njo baba, kazi njo mama, na hawakusema kwa uongo: shule, hospitali, maziwa ya mtoto, vyote vilitoka huko. Ila katika nyumba ya baba huyo hukuweza kumkaribisha mtu kwa jina lako.

Msiniambie ni utamaduni, kwamba Wajapani wako hivi na siye tuko vile. Wajapani walifika Katanga yetu. Kampuni yao, Sodimiza, ikiongozwa na Nippon Mining, ilianza kutoa shaba Musoshi mwaka 1972, kule upande wa Kasumbalesa (Musoshi, si Mutoshi, watu wanachanganya kila siku). Waliishi vipi? Katika makazi ya kampuni, kama Wabelgiji waliowatangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaondoka. Taifa lilelile lililozaa minshuku, likifika mahali ambapo mlima ni wa kampuni na nyumba ni ya kampuni, linaishi paka vile kampuni zinavyoishi.

Jambo lenyewe liko kwenye mlima: ni wa nani? Tazameni Nozawa Onsen, kijiji kingine cha mkoa huohuo. Mwaka 1923 wanakijiji waliunda chama chao cha skii. Chama hicho ndicho kilichofyeka njia za kuteremkia na kuweka mashine za kupandisha watu mlimani, na mwaka 1963 kikakabidhi uwanja wote kwa kijiji. Si kwa tajiri wa Tokyo, kwa kijiji. Maji ya moto yanayotoka ardhini yana mabafu 13 ya bure, na wakazi wenyewe wanapeana zamu ya kuyasafisha. Mwenye minshuku pale hakodishi chumba peke yake. Ana sehemu katika kile kinachomleta mgeni. Hakuba ilikwenda tofauti kidogo, mtaji wa reli wa Tokyu uliingia na kebo ya Happo ikafunguliwa mwaka 1958, lakini vitanda vilibaki kwa wakulima, na miaka ya 1960 na 1970 wanafunzi walimiminika kwa treni za usiku.

Mwafrika Mashariki mmoja alipita huko kwa heshima. Februari 1998, michezo ya Olimpiki ya Nagano, mbio za skii za kilomita 10 zilifanyika Hakuba. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyejifunza skii ukubwani kule Finland, alifika wa mwisho, wa 92, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kuchukua medali mpaka Boit amalize, akamkumbatia kwenye mstari. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Sisemi minshuku ni paradiso. Mzigo wake ulibebwa na wanawake: kuamka gizani, kupika kwa watu 20, kulala wa mwisho. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wateleza skii wa Kijapani walipungua sana, wenye nyumba wakazeeka, watoto wakahamia mijini. Leo Hakuba wageni wengi ni wa kutoka nje, na nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa nje, Waaustralia wakiwa mbele. Hata mlango uliofunguliwa na babu unaweza kuuzwa.

Na sheria zilibadilika kumfuata mkulima. Ruhusa ya nyumba ndogo ya wageni ilidai vyumba vya jumla ya mita za mraba 33. Mwaka 2003 serikali ya Japani ililegeza sharti hilo kwa wakulima, ili hata mwenye chumba kimoja aweze kupokea mtu kihalali. Mwaka huohuo wa 2003 Gécamines ilianza kuwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ile tunayoita departi volontere. Familia zilizopokea posho vizazi viwili zikajikuta na nyumba, bahasha, na basi.

Tuliitumiaje nyumba? Kasulo mnaijua. Mwaka 2014 mtu alichimba shimo uani kwake akakuta kobalti, na baada ya muda mfupi watu wakatoboa sakafu za sebule zao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, familia zikahamishwa. Hapa Mutoshi, kati ya 2018 na 2020, wachimbaji waliingia kwa mlango wenye mlinzi, kupitia koperative, na kuuza kwa mnunuzi mmoja. Korona ikaja, mlango ukafungwa.

Jioni, lakini, tembea mitaa yetu. Kuna mama amegawa chumba kwa pazia, kijana aliyetoka Kasaï kutafuta riziki analala upande wa pili, anakula bukari ya nyumba hiyo, analipa kwa wiki. Mama hana kibali, hana kibao mlangoni, na shimo analokwenda mgeni wake alfajiri si la mama wala si la mtaa.