Simu Janja: Istilahi na Mipaka Yake

Istilahi ya simu janja imeenea haraka kuliko maana yake. Wapo wanaoitumia kwa kila simu yenye kioo cha kugusa, na wapo wanaoitumia kwa kila simu yenye intaneti. Vigezo hivyo havitoshi. Tukivichunguza vifaa vya kwanza vya aina hii, tutaona kuwa msingi wa istilahi ni kompyuta iliyomo ndani ya simu, hasa uwezo wake wa kupokea programu mpya.

Hapo awali vifaa vilikuwa viwili. Simu ya mkononi ilikuwa ya kuzungumzia. Kompyuta ya kiganjani ilitunza kalenda, anwani na maandishi. Kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa Organiser mwaka 1984. Mwaka 1992 John Sculley, mkuu wa Apple, alikiita kifaa cha namna hiyo msaidizi binafsi wa kidijitali, na mwaka uliofuata Newton ikaingia sokoni. Newton ilisoma mwandiko wa mkono, lakini haikuwa simu.

Muungano ulikuja na Simon, kifaa cha IBM kilichouzwa Marekani na BellSouth kuanzia Agosti 1994. Kilikuwa na uzito wa gramu 510 hivi, na kilipiga simu, kutuma faksi na barua pepe, na kutunza kalenda. Kioo chake kiliguswa kwa kidole au kwa kalamu maalumu, na programu iliweza kuongezwa kwa kadi. Bei ilikuwa dola 899 kwa aliyefunga mkataba, na betri ilimudu takriban saa moja ya mazungumzo. Ziliuzwa kama 50,000, kisha mwaka 1995 ikaondolewa sokoni.

Mwaka 1996 Nokia ilifuata njia nyingine. Communicator 9000 ikiwa imefungwa ilikuwa simu ya kawaida; ikifunguliwa, ndani mlikuwa na kibodi na kioo kipana. Haikuwa na kioo cha kugusa, lakini nani angekataa kuwa ilikuwa kompyuta?

Kipimo kigumu zaidi ni Ericsson R380 ya mwaka 2000. Iliuzwa waziwazi kwa jina la smatifoni na iliendeshwa na mfumo wa Symbian, ila mnunuzi hakuweza kuiongezea programu zake. Nokia 9210, iliyoingia sokoni mwaka 2001 ikiwa na Symbian pia, iliruhusu jambo hilo. Mfumo ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa kwamba R380 ilibaki kama ilivyotoka kiwandani, na 9210 ikaendelea kujifunza kazi mpya.

Sasa tuyapime majina. Simu ya kisasa haifai, kwa sababu usasa hupita: Simon ilikuwa ya kisasa mwaka 1994. Smatifoni humwelea tu anayejua Kiingereza. Simu ya kiganjani hutaja mahali inaposhikwa, haitaji uwezo wake. Simu mahiri ni jina zuri, na halina kasoro ya maana. Hata hivyo simu janja imelishinda kwa matumizi. Wapo wanaolikataa wakisema ujanja ni hila, lakini mtoto tunayemwita mjanja mara nyingi tunamsifu kwa wepesi wa kuelewa na kujua la kufanya pasipo kufundishwa kila kitu. Maana hiyo inalingana na kifaa kinachoongezewa uwezo. Aidha jina hilo linasimama vizuri mkabala na majina ya simu za kawaida: kitochi au kiswaswadu cha Tanzania na kabambe ya Kenya.

Kompyuta ya kiganjani ibaki jina la vifaa kama Newton, na kishikwambi, lililozoeleka zaidi Tanzania kupitia Sensa ya 2022, libaki la kompyuta bapa isiyo na kibodi yake.

Napendekeza fasili hii: simu janja ni simu ya mkononi iliyo pia kompyuta, yenye mfumo endeshi unaomruhusu mtumiaji kuongeza programu. Kwa fasili hiyo R380 si simu janja kamili bali ni hatua ya mpito, na Simon ni mtangulizi halali. Watunga kamusi na walimu wa TEHAMA waiandike hivyo, ili mwanafunzi akiulizwa simu janja ni nini, asijibu kuwa ni simu yenye kioo kikubwa.