Filamu za Krismasi na Mwaka Mpya 2024: ipi inastahili nauli yako?

Kwa ufupi
- Kwa anayetoka kijijini, tiketi ya sinema mara nyingi ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Nauli na chakula ndivyo vinavyomaliza pesa, kwa hiyo chagua filamu moja, na uichague vizuri.
- Kabla ya kulipa, jiulize mambo matatu: nakwenda na nani, filamu ni ndefu kiasi gani, na ukumbi utanipa nini ambacho kibanda cha video cha kwetu hakitanipa.
- Kwa familia yenye watoto, chaguo letu la kwanza ni *Mufasa: The Lion King*, inayoanza Desemba 20. Kwa watu wazima watupu, *Gladiator II*.

Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na wengi wenu mtapanda basi kwenda mjini, ama kuwatembelea ndugu ama kununua nguo za sikukuu. Kila Desemba tunapokea ujumbe wa namna moja kutoka kwa wasikilizaji: "Tutakuwa Dar siku mbili tu, watoto wanataka sinema, tuwapeleke kuona nini?" Mwongozo huu umeandikwa kujibu swali hilo.

Kwa nini filamu kubwa hujazana Desemba?

Studio za Marekani huweka filamu zao za gharama kubwa mwishoni mwa mwaka kwa sababu watu wako likizo na familia hutoka pamoja. *Titanic* ilitoka Desemba 19, 1997. *Avatar* ilitoka Desemba 18, 2009, na ya pili yake, *Avatar: The Way of Water*, Desemba 16, 2022. Zote tatu ziko miongoni mwa filamu zilizoingiza pesa nyingi zaidi duniani.

Kwa mtazamaji, maana yake ni kwamba ndani ya wiki tano au sita zinatoka filamu nyingi kuliko uwezo wa mfuko wa mtu yeyote. Matangazo nayo yanasema kila moja ni ya lazima. Si kweli. Nyingine unaweza kuzisubiri bila hasara yoyote.

Ukumbi na kibanda: tofauti iko wapi?

Zamani sinema haikuwa mambo ya Dar es Salaam peke yake. Arusha ilikuwa na Metropole, Moshi ilikuwa na Plaza, na wazee wa miji mingine wanazikumbuka kumbi zao. Nyingi zilifungwa. Leo kumbi za kisasa ni chache, ziko katika miji mikubwa, na mara nyingi zimo ndani ya majengo ya maduka, kama Mlimani City jijini Dar es Salaam.

Huku kwetu kazi hiyo imechukuliwa na kibanda umiza. Tusikidharau. Kibanda kina kitu ambacho ukumbi wa mjini hauna: lugha yetu. Watafsiri kama Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya wamewafanya watu wasiojua neno la Kiingereza wafuate filamu ya kigeni mwanzo hadi mwisho, tena kwa kicheko.

Ukumbi wa sinema haukutafsirii. Filamu za Marekani huonyeshwa kwa Kiingereza, na za Kihindi kwa kawaida huwa na maandishi ya Kiingereza chini ya skrini. Unacholipia ni ukubwa wa picha, sauti inayokuzunguka pande zote, giza, na utulivu wa watu mia wanaotazama kitu kimoja. Kwa hiyo filamu inayostahili nauli ni ile ambayo picha na sauti vinabeba hadithi. Filamu ya watu kukaa mezani na kuzungumza saa mbili, hata iwe nzuri namna gani, isubiri ifike kibandani.

Na haitachelewa sana. Kabla ya korona, filamu ya studio kubwa ilikaa kwenye kumbi peke yake kwa takriban siku 90. Sasa nyingi hukaa siku 45 hivi, nyingine pungufu, kisha zinauzwa mtandaoni. Ila jihadhari na flashi inayouzwa wiki ile ile filamu inapotoka. Mara nyingi imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi: picha imepinda, vichwa vya watu vinapita, sauti inatoka kama ndani ya pipa. Ukiitazama hivyo, umeshajiharibia filamu yenyewe.

Maswali matatu kabla ya kutoa pesa

*1. Nakwenda na nani?* Mtazame aliye mdogo kuliko wote katika msafara wako. Yeye ndiye atakayeamua kama wengine mtaifaidi filamu. Mtoto wa miaka minne akianza kulia dakika ya arobaini, mzazi mmoja atatoka naye nje, na tiketi mbili zimekwenda na maji.

Tazama pia alama ya umri. Kwa Marekani, alama PG maana yake mzazi aongoze, kwa kuwa yapo mambo machache yasiyofaa wadogo sana. Alama R maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Hapa nchini, kazi ya kukagua filamu na kuzipanga kwa umri ni ya Bodi ya Filamu Tanzania, na ukumbi una haki ya kumzuia mtoto mlangoni hata kama umeshasafiri kilomita mia mbili.

*2. Ni ndefu kiasi gani?* Chukua urefu wa filamu, ongeza dakika kama 20 za matangazo na trela, kisha ongeza muda wa kutoka ukumbini hadi stendi. Filamu ya saa mbili na dakika arobaini inayoanza saa kumi jioni itakutoa saa moja usiku. Kama basi la mwisho la kwenu linaondoka saa kumi na mbili, umejiongezea gharama ya kulala. Msafiri wa kurudi siku hiyo hiyo achague onyesho la asubuhi au la mchana wa mapema.

*3. Je, inasimama yenyewe?* Filamu nyingi za msimu huu ni mwendelezo wa nyingine. Kama hujaiona ya kwanza, uliza kwanza kama utaelewa.

Filamu moja moja

Tarehe tulizoweka ni za kuanza kuonyeshwa zilikotengenezwa. Ukumbi wa kwetu unaweza kuanza siku hizo hizo au kuchelewa kidogo.

Mufasa: The Lion King (Desemba 20, dakika 118, PG). Hii ni hadithi ya baba yake Simba kabla hajawa mfalme: mtoto yatima aliyepotea, akapokewa na Taka, mwana wa mfalme. Imeongozwa na Barry Jenkins, na nyimbo ameandika Lin-Manuel Miranda. Anayeisimulia ni Rafiki, akimhadithia Kiara, binti wa Simba, na Timon na Pumbaa wanachomeka vichekesho.

Sisi tuna faida ambayo watazamaji wa kwingine hawana. Tangu filamu ya kwanza ya mwaka 1994, majina mengi yametoka kwenye Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi. Safari hii nchi ya ahadi wanayoitafuta inaitwa Milele. Na Taka ni jina la yule tunayemjua kama Scar. Mtoto wako akisikia mwana wa mfalme anaitwa Taka, atauliza swali ambalo mtoto wa London hawezi kuliuliza.

James Earl Jones, aliyempa Mufasa sauti mwaka 1994 na 2019, alifariki Septemba 9, 2024. Sasa sauti ni ya Aaron Pierre. Filamu inasimama yenyewe hata kwa ambaye hakuona zilizotangulia, na urefu wake unamwezesha mtu kuwahi basi. *Uamuzi: inastahili nauli.*

Moana 2 (Novemba 27, dakika 100, PG). Katuni ya msichana wa visiwani Pasifiki anayerudi baharini na jitu Maui. Ya kwanza ilitoka 2016. Hii ilianza kutengenezwa kama mfululizo wa kutazamwa nyumbani, ndipo Februari 2024 Disney ikatangaza kuwa itakuwa filamu ya ukumbini. Hadithi yake ni nyepesi, lakini bahari kwenye skrini kubwa ni kitu cha kuona, na ni fupi kuliko zote hapa. *Uamuzi: chaguo bora kama una watoto chini ya miaka saba.*

Sonic the Hedgehog 3 (Desemba 20, dakika 110, PG). Kwa watoto wanaocheza gemu. Mbio nyingi, Jim Carrey anaigiza watu wawili, na Keanu Reeves anampa sauti adui mpya, Shadow. Asiyeziona za 2020 na 2022 ataifuata, ila utani mwingine utampita. *Uamuzi: kama watoto wenyewe wanaiomba, sawa. Kama hawamjui Sonic, iache ije kibandani.*

Wicked (Novemba 22, dakika 160, PG). Filamu ya nyimbo kuhusu wachawi wawili, Cynthia Erivo na Ariana Grande, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa mwaka 2003. Imesifiwa sana, na mavazi na majengo yake yanapendeza macho. Lakini hadithi nyingi imo ndani ya maneno ya nyimbo za Kiingereza, na kwa saa mbili na dakika arobaini unaona nusu tu. Sehemu ya pili ilipangwa kutoka Novemba 2025. *Uamuzi: kwa wapenzi wa muziki wanaokisikia Kiingereza vizuri. Kwa familia yenye wadogo, hapana.*

Gladiator II (Novemba 22, dakika 148, R). Ridley Scott anarudi Roma miaka 24 baada ya filamu ya kwanza. Paul Mescal ndiye mpiganaji, na Denzel Washington ni tajiri mwenye hila anayewamiliki wapiganaji. Kuna uwanja uliojazwa maji na merikebu zikipigana ndani yake, na kuna kifaru. Damu ni nyingi. Aliyeiona ya kwanza atapata zaidi, ila asiyeiona hatapotea. *Uamuzi: kwa watu wazima, hii ndiyo ya skrini kubwa. Watoto wabaki kwa shangazi.*

Pushpa 2: The Rule (Desemba 5, kama saa 3 na dakika 20). Kwa wapenzi wa filamu za Kihindi. Allu Arjun anarudi kama mlanguzi wa miti ya msandali mwekundu. Ni mwendelezo wa filamu ya 2021, na ni muhimu uione ya kwanza. Mapigano yake ni ya umwagaji damu. *Uamuzi: kwa anayelala mjini tu. Ukijumlisha matangazo na mapumziko, ni karibu saa nne.*

Kraven the Hunter (Desemba 13, dakika 127, R) na Nosferatu (Desemba 25, dakika 132, R). Ya kwanza ni ya mapigano, ya pili ni ya kutisha kwelikweli, ingawa inatoka siku ya Krismasi yenyewe. Usidanganywe na tarehe: *Nosferatu* si filamu ya sikukuu ya familia. *Uamuzi: subiri, isipokuwa wewe ni mpenzi wa aina hizo.*

Kabla hujapanda basi

- Tazama ratiba kwenye ukurasa wa ukumbi wenyewe, siku moja au mbili kabla. Kumbi hupanga maonyesho kwa wiki, na filamu ya wiki jana inaweza kuwa imeondolewa au kubakiziwa onyesho la usiku tu. Tangazo linalozunguka kwenye WhatsApp si ratiba.
- Uliza bei ya mtoto, na bei ya siku za katikati ya wiki. Katika kumbi nyingi, siku za kazi ni nafuu kuliko Jumamosi na Jumapili.
- Uliza kama onyesho ni la kawaida au la miwani ya 3D. La miwani kwa kawaida ni ghali zaidi, na miwani huwapwaya watoto wadogo. Onyesho la kawaida linatosha.
- Bisi na soda za ukumbini ni ghali, na kumbi nyingi haziruhusu chakula kutoka nje. Walishe watoto kabla ya kuingia.
- Tazama trela pamoja na watoto nyumbani, kama bando linaruhusu. Dakika mbili zinatosha kujua nani ataogopa.
- Mbebee mtoto sweta. Kiyoyozi cha ukumbini ni kikali kwa aliyezoea joto la kwetu.

Na kama safari haiwezekani?

Hakuna aliyepoteza sikukuu kwa kukosa sinema. Filamu zote tulizozitaja zitafika, nyingi kabla ya mvua za masika kwisha, na baadhi zitakuja zikiongea Kiswahili cha mtafsiri wako unayempenda. Kama hesabu ya nauli inagusa ada au sare za Januari, jibu liko wazi. Lakini kama pesa ipo na mnakwenda mjini hata hivyo, ingieni mara moja, onyesho la mchana, mkiwa mmeshiba, kwa filamu ambayo hata mdogo wenu ataifuata kwa macho. Watoto wataisimulia njia nzima ya kurudi.