Mwanafunzi wa chuo kikuu akishindwa mitihani, aanzie wapi?

Wanafunzi wengi wa Masisi na Walikale hutoka kwao na kwenda kusoma Goma ao Bukavu. Vita ya 2025 ilikatiza masomo ya wengi, na pointi zikashuka. Lakini kushindwa si mwisho. Katika mfumo wa LMD, mwaka mmoja una krediti 60, lisansi nzima krediti 180, na krediti uliyokwisha kupata haipotei. Basi mwanafunzi aombe kwanza karatasi ya pointi, aone kozi gani zimebaki, kisha amuone asistenti mbele ya sesheni ya marudio. Mzazi naye asiseme haraka « rudi shambani ». Aulize kwanza: zimebaki krediti ngapi?