Papa-zimwi (Mitsukurina owstoni)

Samaki huyu, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1898 kutokana na dume mchanga aliyevuliwa karibu na Yokohama, Japani, ni wa kundi la papa na taa, ambao kiunzi cha miili yao si mfupa bali gegedu, yaani tishu inayonyumbulika kama ile ya sikio la binadamu. Rangi yake ya waridi ni ya damu inayoonekana kupitia ngozi. Pua yake ndefu na bapa imejaa vitundu vyenye ute, ambavyo huhisi umeme hafifu wa misuli ya mawindo katika kina cha mamia ya mita, ambako mwanga ni haba.

La ajabu zaidi ni taya, ambazo hukaa zimerudishwa chini ya pua zikishikiliwa na kano zilizovutika, na kano hizo zinapolegezwa taya hufyatuka mbele kwa kasi ya takriban mita 3 kwa sekunde, meno membamba yakimnasa ngisi au samaki. Bila mfyatuko huo angelala njaa, kwa maana mwili wake ni mlegevu na mapezi yake ni madogo. Vielelezo vingi vinavyojulikana vimepatikana Japani, aghalabu katika nyavu zilizotegewa samaki wengine.