Mfyatuo wa Kwanza: Santuri za Nyanda za Kati za Tanzania kama Ushahidi wa Historia

Neno santuri limesafiri mbali. Katika Kiajemi na Kiarabu ni jina la ala ya nyuzi. Kiswahili kikalichukua na kuipa sahani ya gramafoni. Safari ya neno hilo inafanana na safari ya kitu chenyewe. Santuri zilizochezwa Dodoma, Singida na Tabora katika karne ya 20 hazikutengenezwa katika miji hiyo, wala hazikutengenezwa Dar es Salaam. Zilitoka ng'ambo, na baadaye Nairobi, zikaingia bara kwa Reli ya Kati au kwa barabara kuu itokayo Arusha. Njia hizo mbili hukutana Dodoma.

Wakusanyaji wa santuri kuukuu huko Ulaya na Marekani hutafuta mfyatuo wa kwanza kwa sababu ya bei. Katika nyanda za kati za Tanzania swali hilo lina uzito mwingine. Muziki wa eneo hili ulihifadhiwa kwa maandishi machache mno. Aghalabu santuri ndiyo hati pekee inayoweza kueleza ni nani aliyeimba wimbo, ni bendi gani iliyoupiga, ni nani aliyetajwa kuwa mtunzi, na ilikuwa miaka gani. Atakayekosea kuutambua mfyatuo atakosea historia yenyewe.

Hapana budi kwanza kueleza namna santuri inavyozaliwa. Sauti huchongwa na sindano katika sahani laini iliyopakwa laka. Sahani hiyo hufunikwa kwa metali, na kutokana na metali hiyo hupatikana mabamba mengine, hadi ifikiwe kalibu ya kufyatulia. Kalibu hukandamiza plastiki yenye joto kama vile kalibu ya tofali inavyokandamiza udongo. Baada ya kufyatua santuri nyingi huchakaa, ikabidi itengenezwe nyingine. Mfyatuo wa kwanza, basi, ni zile santuri zilizotoka katika kalibu za awali, wakati wimbo ulipotolewa sokoni kwa mara ya kwanza.

Ushahidi mkuu wa jambo hilo umo katika sehemu tupu iliyo kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Humo mafundi walichonga au kupiga muhuri namba ya upande huo wa santuri, mara nyingine ikifuatwa na tarakimu au herufi inayoonyesha mchongo wa kwanza, wa pili au wa tatu. Lebo ni karatasi, nayo huweza kubadilishwa. Namba iliyochongwa huzaliwa pamoja na sauti. Hata hivyo, namba hiyo pekee haitoshi. Mchongo wa kwanza uliweza kutumika kwa miaka mingi, hivyo santuri yenye alama ya mchongo huo yaweza kuwa imefyatuliwa muda mrefu baada ya toleo la awali. Namba, lebo na bahasha havina budi kusomwa kwa pamoja.

Katika kusoma huko, tarehe tatu zisichanganywe: ya kutungwa, ya kurekodiwa na ya kufyatuliwa. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, muda kati ya kurekodi na kuuza ulikuwa mfupi. Mambo hayakuwa hivyo kwa muziki wa Wagogo. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na ala za makabila mengi, Wagogo wakiwamo. Miaka minne baadaye, mwaka 1954, alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, iliyotoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200 uitwao Sound of Africa. Kwa hiyo santuri ya mfululizo huo haiwezi kuwa ya mwaka 1950, ingawa sauti iliyomo ni ya mwaka huo. Nazo sahani za dijiti zilizotolewa Uholanzi miongo kadhaa baadaye kutokana na rekodi hizohizo ni kizazi kingine kabisa. Mtafiti anayeandika mwaka wa sahani hizo kana kwamba ndio mwaka wa sauti huwasogeza wazee wale mbele kwa nusu karne.

Santuri za bendi za dansi huhitaji jicho la namna nyingine. Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ambayo Shem Karenga aliipatia sifa kwa wimbo wa Dada Asha. Aghalabu lebo za santuri ndogo za mizunguko 45 za enzi hizo hazikuchapishwa mwaka. Hata hivyo hazikosi kauli. Lebo inayotaja Tanzania haiwezi kuwa imechapishwa kabla ya Oktoba 1964, jina hilo lilipoanza kutumika rasmi. Inayotaja Tanganyika yaelekea kuwa ya kabla ya hapo. Lebo yenye jina la Polygram haitangulii mwaka 1972, kampuni hiyo ilipoundwa kwa kuunganisha shughuli za Philips na Polydor. Alama hizi haziutaji mwaka, lakini huweka mpaka ambao santuri haiwezi kuuvuka, na mipaka miwili au mitatu ikikutana hubaki kipindi kifupi tu.

Mfano unaoonyesha vyema hatari ya kukosea ni wa Mbaraka Mwinshehe. Kutoka Morogoro, mji ulio kwenye reli hiyohiyo mashariki ya Dodoma, alivuma na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, akirekodi santuri ndogo zilizotoka Nairobi kwa lebo ya Polydor. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa katika santuri kubwa zilizoitwa Ukumbusho. Leo wengi humfahamu kwa santuri hizo, na hata wauzaji huzitangaza kuwa za asili. Kwa hakika ni mkusanyiko: nyimbo za miaka tofauti zimekaa pamoja upande mmoja, na msikilizaji asiyejua hudhani zilipigwa katika kikao kimoja. Atakaye kufuatilia jinsi gitaa la Mbaraka lilivyobadilika mwaka hadi mwaka atazihitaji santuri ndogo, pamoja na mpangilio wa namba zake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha kufyatua santuri. Kazi hiyo ilitegemea Nairobi. Bendi ziliendelea kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini nyimbo nyingi zilibaki katika tepu za redio na hazikufyatuliwa kamwe. Kwa nyimbo hizo hakuna mfyatuo wa kwanza wa kutafutwa. Asili yake ni tepu. Nao muziki wa asili wa Dodoma uliendelea kutegemea viwanda vya mbali. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alisikika pamoja na wenzake katika santuri ya Tanzania Yetu iliyotolewa Uingereza mwaka 1985. Zeze na ilimba za Ugogo zilivuka bahari kabla hazijarudi nyumbani zikiwa bidhaa.

Haya si mambo ya wapenzi wa vitu vya kale tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na mpigaji, nayo ulinzi wake huhesabiwa kwa miaka. Familia ya mwanamuziki inayodai haki ya wimbo uliopigwa zaidi ya nusu karne iliyopita mara nyingi haina mkataba mkononi. Lebo ya mfyatuo wa kwanza, yenye jina la mtunzi chini ya jina la wimbo, huweza kuwa ushahidi wa karibu zaidi uliobaki. Mkusanyiko wa baadaye ulioondoa jina hilo, au kuweka la kiongozi wa bendi mahali pake, unaweza kuificha haki hiyo.

Kazi ya kunakili muziki wa zamani katika kompyuta imepata nguvu nchini, nayo ni ya kupongezwa. Lakini kunakili sauti pekee ni kuokoa nusu. Kila santuri inayopatikana sokoni Dodoma, au katika sanduku la mzee wa Manyoni au Kondoa, inastahili kupigwa picha lebo zake zote mbili, kunakiliwa namba iliyochongwa kila upande, na kuandikwa ilikopatikana, kabla sindano haijawekwa. Sauti hiyohiyo inaweza kupatikana katika nakala mia. Maelezo ya ilikotoka, lini na kwa jina la nani, yamo katika santuri yenyewe. Joto likiipinda na mchwa wakila bahasha yake, hakuna kompyuta itakayoyarudisha.