Kanuni Tano za Makerere

Kuanzia Januari 1 hadi 13, mwaka 1961, wataalamu wa elimu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana katika chuo cha Makerere, Kampala, kujadili namna ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Tusiuchanganye mkutano huo na ule wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika hapohapo mwaka uliofuata, wakati Ngũgĩ wa Thiong'o angali mwanafunzi chuoni. Ule wa waandishi ndio unaokumbukwa. Huu wa walimu ndio ulioingia darasani.

Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi kumi na moja kupata Uhuru, Uganda na Kenya ziko nyuma yake. Waingereza walikuwa wakifungasha, na jina la somo lenyewe lilikuwa siasa. Katika vitabu vya ualimu, lugha ya kigeni ni ile unayokutana nayo kwenye kipindi chake tu, kama Kifaransa kwa mtoto wa Dodoma. Lugha ya pili si ya nyumbani, lakini ndiyo ya mahakamani, ya ofisini na ya masomo mengine. Ukishakiita Kiingereza lugha ya pili, umeshakigawia kazi hizo zote.

Mwaka 1992 Robert Phillipson, aliyewahi kufanya kazi British Council, alitoa kitabu chake Linguistic Imperialism. Ndani yake aliichambua ripoti ya Makerere, akachota imani tano alizoona zimeiongoza: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza kitupu, mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kadiri mtoto anavyoanza mapema ndivyo bora, kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri, na lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Zote tano aliziita upotofu. Mwalimu yeyote aliyepita chuo cha ualimu huku kwetu anazijua, hata kama hajawahi kusikia zilikotoka.

Imani hiyo ya kwanza ina umri mkubwa kuliko mkutano wa Makerere. Kampuni ya Berlitz, iliyoanza Marekani mwaka 1878 mjini Providence, husimulia kwamba mwanzilishi wake aliugua, akamwachia darasa msaidizi Mfaransa, Nicholas Joly, ambaye Kiingereza hakukijua kabisa. Joly akafundisha Kifaransa kwa ishara na kwa kuonyesha vitu, na bosi aliporudi akakuta wanafunzi wanaongea. Ukipenda iamini, ila uzito wake uko kwenye nani aliyekuwa darasani: watu wazima waliolipa ada kujifunza lugha moja tu. Hawakuwa watoto wa darasa la kwanza wanaotakiwa kujua hesabu kwa lugha hiyohiyo.

UNESCO ilikuwa imeshalisema hilo mwaka 1953: mtoto aanze kusoma kwa lugha yake. Kenya ilielekea kwingine. Kuanzia 1957, kituo maalumu cha Nairobi kilijaribu kuwafundisha watoto wa Kihindi kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na baadaye mpango huo ukapelekwa katika shule za Waafrika. Ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976 ndiyo iliyopendekeza lugha ya eneo la shule itumike madarasa matatu ya mwanzo. Adhabu ya kumvisha kibao mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya kwao, tuwe wakweli, haikuletwa na Makerere. Ngũgĩ aliandika kwamba ilikuwepo katika utoto wake.

Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, ikaishia kwenye mlango wa sekondari. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba mlango huo nao ufunguliwe; serikali ikakataa. Miaka miwili baadaye wataalamu wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wa sekondari na kukuta wengi hawawezi kufuata masomo kwa Kiingereza. Kisha wakashauri Kiingereza kiendelee. Sijawahi kuona ushauri unaogombana na ushahidi wake kiasi hicho.

Mwalimu wa bayolojia wa kidato cha kwanza amejitafutia njia. Anaandika maana ya osmosisi ubaoni kwa Kiingereza, anageuka, anaieleza kwa Kiswahili kwa mfano wa maharage yaliyolowekwa, anauliza, "Tuko pamoja?" Darasa linaitikia, "Ndiyooo!" Mkaguzi akiingia, maharage yanakatizwa.

Njia kama hiyo ilishaandikiwa kwingine: huko Wales, mwaka 1994, Cen Williams aliandika tasnifu kuhusu madarasa ambamo mwanafunzi anasoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, kwa mpango wa mwalimu. Ofelia García wa New York akaieneza fikra hiyo duniani, na leo inafundishwa vyuo vikuu kama mbinu ya kisasa. Kwa hiyo mwalimu wetu wa bayolojia sasa ana utetezi wa kitaaluma mkaguzi akija. Karatasi ya mtihani wa kidato cha nne bado inataka jibu kwa Kiingereza.