Kabla Ubebe Hiyo Paleti Nyumbani, Soma Muhuri Wake

Siku hizi kila msee anataka sofa ya paleti. Sawa, zinapendeza na bei ni poa. Lakini hebu nikuulize: umewahi kusoma herufi zilizochomwa kwenye ule ubao? Hizo herufi zina historia.

Paleti za mbao zilienea sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilipoanza kusogeza mizigo kwa foklifti badala ya migongo ya watu. Faida yake ilikuwa wazi: ubao mmoja ukivunjika, unapigilia mwingine na kazi inaendelea.

Shida ni abiria aliyejificha ndani. Mwaka 1996, miti ya Brooklyn, New York, ilipatikana ikiliwa na mbawakawa wa kutoka Asia, aliyesafiri ndani ya mbao za kufungia mizigo. Maelfu ya miti ikakatwa. Mwaka 2002 ikaja kanuni ya kimataifa, ISPM 15: mbao za mizigo zinazovuka mipaka zitibiwe, kisha zipigwe muhuri. Hapa Kenya, KEPHIS ndio wanasimamia.

HT maana yake ubao ulipashwa joto, nyuzi 56 za Selsiasi hadi katikati, kwa dakika 30 mfululizo. MB ni gesi ya methili bromaidi, sumu ya kuua wadudu ambayo pia huharibu tabaka la ozoni. Yaani tulimfukuza mdudu, tukaharibu hewa.

Basi si tuhamie plastiki? Haiingii wadudu, haina misumari, na inaoshwa, ndiyo maana viwanda vya chakula na dawa vinaipenda. Lakini inatokana na mafuta ya petroli, ikipasuka huwezi kuipiga msumari, na ghala likishika moto inayeyuka na kuwaka kwa joto kali kuliko mbao. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 haifai kudanganyika eti kinachooshwa ni safi kwa mazingira.

Msimamo wangu ni huu: plastiki ibaki pale usafi ni lazima na paleti zinarudi kutumika tena. Kwingine kote, mbao ya HT. Na kwa sebule yako, ukiona MB, au doa usilolijua limetoka wapi, iache hapo hata kama unapewa bure. Usiifanye kuni pia. HT inakuambia ubao ulitibiwa vipi. Haikuambii ni nini kilimwagika juu yake baadaye.